Homa, Mafua na Sauti ya Redio: Tatizo la Jina katika Kuuelimisha Umma juu ya Magonjwa ya Mlipuko

Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo moja tu katika uwanja mpana wa elimu ya afya kwa njia ya utangazaji, nalo ni jina la ugonjwa. Wataalamu wa tiba wameandika mengi juu ya virusi na chanjo, na wataalamu wa mawasiliano nao wamewahesabu wasikilizaji na idhaa zao. Sisi wa lugha tumezoea kukaa kando, kana kwamba kazi yetu huanza baada ya maradhi kupita, tunapoitwa kuorodhesha istilahi. Dai letu hapa ni kwamba neno homa, ambalo watangazaji wa Kenya hulitumia bila kusita kila yanapozuka mafua ya kuenea duniani, huwagawa wasikilizaji katika makundi mawili yenye fahamu mbili tofauti, na kila kundi huongozwa na neno hilohilo kutochukua hatua inayotakiwa. Mifano yetu mingi imetoka Njoro, mahali tunapofundisha na kuishi, lakini tatizo lenyewe si la Njoro peke yake.

Njoro iko magharibi ya mji wa Nakuru, chini ya msitu wa Mau, katika mwinuko unaozidi mita 2,000. Baridi yake huwafukuza mbu wengi. Watu wake hulima ngano, viazi na mahindi, hufuga ng'ombe wa maziwa na kuku, na husema Kikuyu, Kikalenjin, Kigusii, Kiluhya, Kiturkana na lugha nyingine kadha. Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza kama shule ya kilimo mwaka 1939, kimewaongezea wageni wa kila upande. Katika mchanganyiko huo Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya matatu na ya foleni ya zahanati. Sasa, mkazi wa Njoro akiamka na kamasi, koo likimwasha na kichwa kikimgonga, husema, "Nina homa." Hana maana kwamba mwili unachemka. Ana maana ya ile hali ambayo kamusi zetu huiita mafua.

Mtu wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja hasemi hivyo. Kwake homa ni joto la mwili lililopita kiasi, sawa na maana ya neno la Kiarabu lililozaa neno hili, na mafua ni jambo jingine kabisa. Ukimwambia una homa, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni malaria. Kiswahili Sanifu kimeifuata maana hiyo ya pwani, na juu yake kimejenga ukoo mzima wa majina: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya mapafu, homa ya ini, homa ya uti wa mgongo. Katika majina haya homa ni kama jina la ukoo, na kinachofuata ndicho kinachoutofautisha ugonjwa mmoja na mwingine. Mfumo huu ni mzuri katika maandishi. Katika redio una hatari yake, kwa sababu sikio hulishika neno la kwanza na mara nyingi huliacha la pili.

Tuchukue tangazo linalosema kwamba "homa kali" imezuka na kwamba wananchi wawe waangalifu. Tangazo hilo hurushwa kwa mara moja kutoka Nairobi, likasikika Lamu, Njoro na Busia. Msikilizaji wa pwani au wa kandokando ya Ziwa Victoria husikia habari ya joto la mwili. Atakwenda dukani kununua dawa ya malaria na kungoja. Msikilizaji wa Njoro husikia habari ya kamasi. Atacheka, aseme, "Homa tu," achemshe maji ya tangawizi na limau, kisha aende sokoni kama kawaida. Wawili hawa wamelisikia neno moja katika saa moja, na hakuna kati yao aliyeambiwa kwamba ugonjwa huu hupita kutoka pumzi hadi pumzi, na kwamba anayekohoa imempasa kukaa mbali na wengine.

Yafaa tukumbuke kwamba mafua makubwa ya kwanza ya karne iliyopita yaliikuta nchi hii haina redio. Mafua ya 1918 yaliingia Mombasa kwa meli mnamo Septemba mwaka huo, yakapanda bara kwa gari la moshi. Reli ilipitia Nakuru, Njoro, Elburgon na Molo kuelekea Kisumu, na kila stesheni ikawa mlango wa maradhi. Habari zilitembea kwa miguu ya matarishi na kwa vinywa vya machifu, nazo zilitembea polepole kuliko ugonjwa. Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya walowezi na kwa lugha yao. Kiswahili kilipata nafasi ya maana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jamaa za askari walipohitaji habari. Sauti ya Kenya ilipoundwa 1964, na hata ilipogeuzwa kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya 1989, idhaa ya Kiswahili ilikuwa imekwisha kuwa mwalimu wa watu wengi wasiosoma gazeti. Tangu miaka ya 2000 zimeongezeka idhaa za lugha za kienyeji kama Kameme, Inooro, Kass na Chamgei, ambazo Njoro husikika kutoka vibanda viwili vilivyo jirani. Kwa hiyo kasi ya habari si tatizo tena. Kilichobaki ni maana.

Ndege na nguruwe

Kuanzia miezi ya mwisho ya 2005 hadi mwanzo wa 2006 vyombo vya habari vilijaa habari za virusi vya H5N1. Wasiwasi wa Nakuru ulikuwa na sababu, kwa maana Bonde la Ufa ni njia ya ndege wanaohama, na maziwa yake ni vituo vyao vya kupumzikia. Mwezi Februari 2006 virusi hivyo vilithibitishwa Nigeria, mara ya kwanza barani Afrika. Nchini Kenya hapakuthibitishwa kuku hata mmoja aliyeugua, lakini bei ya kuku ilianguka, na wafugaji wengi wadogo wakapata hasara kwa ajili ya maneno matupu.

Majina mawili yalishindana: homa ya ndege na mafua ya ndege. Ubaya wa la kwanza tumekwisha kuugusa. Lakini hata neno ndege lina mashaka yake, kwani tangu eropleni zilipoonekana angani Kiswahili kimelitumia neno hilohilo kwa kiumbe na kwa chombo. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutosha kutenganisha. Katika taarifa ya habari inayotaja kwa pamoja ugonjwa, wasafiri na viwanja vya ndege, hautoshi. Tena, mfugaji hasemi kwamba anafuga ndege, anafuga kuku. Neno ndege kwake ni korongo na heroe wa ziwani, au kunguru juu ya paa. Ilikuwa rahisi basi kwake kuona kwamba habari hii ni ya watalii na askari wa mbuga, na mwenzake aliyeelewa kwamba ni ya kuku akaamini kuwa kila kuku ni sumu. Hata "mafua ya kuku" hayangefaa, maana jina hilo lina mwenyewe: ni ugonjwa wa kawaida wa kuku kuvimba uso na kutokwa na kamasi, ambao hutibiwa kwa dawa ya dukani.

Mwaka 2009 kosa lilirudiwa kwa mnyama mwingine. Virusi vipya vya H1N1 vilipotokea Mexico na Marekani mnamo Aprili, redio zetu ziliita ugonjwa huo homa ya nguruwe. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 29 Juni 2009, naye alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyekuwa Kisumu. Ugonjwa huo ulienezwa na watu kwa watu. Nguruwe hakuwa na sehemu katika kumpa mtu wa Kisumu au wa Nakuru maradhi hayo.

Jambo ambalo halikutajwa sana wakati ule ni kwamba homa ya nguruwe ilikuwa jina la ugonjwa mwingine kabisa, na ugonjwa wenyewe ni wa nyumbani. Homa ya nguruwe ya Kiafrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya, katika makala ya Montgomery ya mwaka 1921, baada ya kuangamiza nguruwe wa walowezi. Huua nguruwe karibu wote inaowapata, wala haimdhuru mwanadamu. Mfugaji wa Njoro aliyelijua jina hilo kwa daktari wa mifugo alikuwa na haki ya kufikiri mambo mawili, yote mabaya: ama kwamba ugonjwa aliouzoea sasa umeanza kuua watu, ama kwamba redio inasema uongo kwa sababu yeye amewazika nguruwe wengi bila kuugua. Na msikilizaji Mwislamu, au mwingine yeyote asiyegusa nyama hiyo, alikuwa na haki ya kuona kwamba habari haimhusu. Jina lilikwisha kumpa cheti cha afya. Huko Misri serikali iliamuru nguruwe wote nchini wachinjwe, na hapakuwa na mgonjwa hata mmoja wakati huo.

Shirika la Afya Duniani lililiacha jina hilo tarehe 30 Aprili 2009, na mwaka 2015 likatoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasiitwe kwa majina ya mahali, ya watu wala ya wanyama. Sisi wa Nakuru tungeukaribisha mwongozo huo mapema zaidi. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa kando ya Ziwa Naivasha na kuelezwa mwaka 1931, imelibeba jina letu hadi Misri, Saudia na Yemen. Lakini jina mbadala la 2009 halikuwa dawa kwa redio. Herufi na tarakimu za H1N1 husomwa hewani kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji hubaki na mlio usio na maana. Afrika Mashariki imezoea tangu zamani kuihesabu miaka kwa misiba yake. Haingekuwa vigumu kuugeuza utaratibu huo na kuuita msiba kwa mwaka wake: mafua ya mwaka 2009. Jina hilo halimshtaki mnyama wala taifa, na kila mtu hulitamka.

Maneno yenye kumbukumbu

Korona haikuwa mafua, lakini ilitufunza kuliko mafua yote yaliyotangulia, kwa sababu ilitangazwa kila siku. Tangu mgonjwa wa kwanza alipotangazwa tarehe 13 Machi 2020, taarifa za Wizara ya Afya zilitolewa alasiri kwa alasiri, sehemu kubwa kwa Kiingereza, na watangazaji wa Kiswahili wakalazimika kutafsiri papo hapo. Waliokota maneno kila pembe. Barakoa, lililokuwa vazi la uso la wanawake wa pwani, likapewa kazi mpya na likaifanya vizuri, ingawa mitaani watu walisema maski. Kitakasa mikono kilileta harufu ya ibada, maana kutakasa ni zaidi ya kuosha. Hata hivyo hakikumdhuru mtu.

Karantini ni habari nyingine. Katika Bonde la Ufa neno hili ni la ng'ombe. Ugonjwa wa miguu na midomo ukizuka, karantini hutangazwa, soko la mifugo hufungwa, na mwenye deni la karo ya watoto hukosa pa kuuza fahali wake. Karantini kwa mfugaji ni amri inayomfilisi kwa ajili ya mnyama wa jirani. Mwaka 2020 iliposemwa kwamba watu wapelekwe karantini, neno lilikuja na hasira yake yote ya zamani. Ndivyo ilivyokuwa kwa kafyu pia, ambayo wazee wa Nakuru waliijua wakati wa Hali ya Hatari, na wana wao wakaijua Januari 2008. Tarehe 26 Machi 2021 Nakuru ilifungwa pamoja na Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado hadi tarehe 1 Mei. Nilimsikia mama muuza mboga kwenye steji ya Njoro akimwambia kondakta, "Mwanangu, hii ni ile ya ng'ombe, ila safari hii ng'ombe ni sisi." Hakuwa mjinga. Alikuwa amelielewa neno kwa historia yake, na hakuna mtangazaji aliyempa maana nyingine. Neno kujitenga, ambalo lilikuwapo na ambalo humfanya mgonjwa kuwa mtenda badala ya mtendwa, lilitumika kidogo mno.

Hapo tumefika kwenye sarufi. Sentensi ya kawaida ya matangazo hayo ilikuwa ya namna hii: "Wananchi wanahimizwa kuzingatia kanuni zilizowekwa ili kuzuia msambao wa ugonjwa." Kitenzi cha kwanza ni cha kutendwa na mtenda hatajwi. Cha pili, kuzingatia, ni cha moyoni. Hakina mkono wala mguu. Kanuni hazikutajwa. Mwenye gazeti anaweza kurudi nyuma aya mbili kuzitafuta, lakini mwenye redio hana pa kurudi. Ni Kiswahili fasaha, kinachostahili alama nzuri katika insha, na msikilizaji hajui afanye nini na mikono yake. Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya uzamili nilifundishwa kuiita mitindo hii rejista za kiofisi na kuieleza bila kuihukumu. Nimeanza kuona kwamba adabu hiyo ya kitaaluma ina mipaka.

Lakini hata amri iliyo wazi yaweza kupotea. Tulihimizwa kukohoa kwenye kiwiko. Katika televisheni mtu aliukunja mkono wake na kila mmoja akaona. Katika redio lilibaki neno, na neno kiwiko halijatulia: kwa wengine ni pale mkono unapokunjwa, na kwa wengine ni kifundo, ndiyo maana tunasikia kiwiko cha mkono na kiwiko cha mguu. Wako wasemao kisugudi, wako wasemao kisukusuku, wako wasemao kivi. Katika darasa langu la mwaka wa pili niliwaomba wanafunzi waguse kiwiko, na mikono ikaenda mahali pawili. Aliyefahamu kwamba kiwiko ni kifundo alikuwa akikohoa karibu na kiganja, kisha akawasalimu watu kwa kiganja hichohicho. Ingetosha kusema: "Ukunje mkono, ukoholee ndani ya mkunjo." Hakuna istilahi hapo, na hakuna wa kukosea.

Maziwa ya Njoro

Mwezi Machi 2024 ilithibitishwa Marekani, katika majimbo ya Texas na Kansas, kwamba H5N1 imeingia kwa ng'ombe wa maziwa. Virusi vilipatikana kwa wingi katika maziwa mabichi, na baadhi ya wafanyakazi wa mazizi waliambukizwa. Joto la kiwandani linalotumiwa kusalimisha maziwa huviua virusi hivyo. Kwa nchi iliyo na mashamba makubwa na maziwa ya pakiti hiyo ni habari ya wakulima. Kwa Njoro, ambako maziwa hukamuliwa alfajiri na kuuzwa kwa kikombe kabla ya saa moja, ni habari ya kila nyumba, hata kama ugonjwa uko mbali.

Fikiria basi taarifa itakayosomwa siku ugonjwa huo, au ndugu yake, utakapokaribia: "Homa ya ndege yaingia kwa ng'ombe." Maneno sita, na mitego mitatu. Homa itasikika kama kamasi hapa na kama malaria kwingine. Ndege atasikika kama heroe au kama eropleni. Na ng'ombe atakumbusha karantini, kwa hiyo mwenye ng'ombe anayekohoa atamficha asije akafungiwa soko.

Wako wenzetu watakaosema kwamba dawa ni kusanifisha, yaani tuamue kuwa influenza ni mafua, homa ibaki kuwa joto, kisha tuwafunze watu. Nakubaliana nao kuhusu uamuzi, si kuhusu tegemeo lao. Kiswahili cha Njoro hakitabadilika kwa sababu kamati imekutana, na virusi havitangoji kibadilike. Mtangazaji anaweza kufanya yote mawili katika pumzi moja: alitaje jina la sanifu, na palepale aliambatanishe na jina la wasikilizaji wake na dalili wanazozijua. "Mafua makali, yaani ile homa ya kukohoa na kutoka kamasi, ila hii huleta joto jingi na kukata pumzi." Mtu wa pwani amepata mafua yake, wa bara amepata homa yake, na wote wawili wameambiwa kwa nini hii si ya kuchekwa. Maneno hayo yarudiwe kila taarifa, hata yachoshe. Mwandishi hukwepa kurudia. Redio haina budi kurudia.

Kuhusu maziwa, tangazo lianzie jikoni. Watu wa huku hunywa chai iliyopikwa kwa maziwa, na maziwa hayo hutokota pamoja na majani. Wanaokunywa chai hiyo hawana la kuhofu kwa upande wa kikombe, na waambiwe hivyo kwanza, wasije wakamwaga riziki yao kama walivyoacha kuku wao mwaka 2006. Waliobaki ni wale wanaogandisha lala au mursik kwa maziwa yasiyopita motoni, ndama na paka wanaopewa mabichi, na mkamuaji mwenyewe, ambaye uso wake uko karibu na kiwele. Hawa ndio wa kusemeshwa. Na neno la kuwasemesha si kupasha moto, kwa kuwa maziwa ya uvuguvugu nayo yamepashwa moto. Waambiwe wayachemshe mpaka yafure na kupanda sufuriani, maana hilo ni jambo ambalo kila aliyewahi kuachiwa maziwa jikoni amewahi kuliona, na pengine kugombezwa kwalo.